Matundu Sita ya Kalenda

Majimoto, Jumatatu 11 Machi 1996

Sijawahi kuandika shajara na sikuwa na mpango nayo. Naandika kwa sababu leo nimekata kalenda ya chama, hatuna nyingine, na Mama Josephina mwenyekiti wetu amesema aliyeikata ndiye atakayetuhesabia siku. Sawa. Mimi ni Scola Lyamba, naendesha mashine ya kukoboa mpunga ya Chama cha Akina Mama, na leo ni tarehe kumi na moja. Tumeanza vizuri.

Kisa chenyewe ni dume la Mwandu. Mwandu ni jirani yetu, Msukuma, alihamia huku na ng'ombe wake mwaka wa themanini na tisa. Juzi Jumamosi dume hilo liliingia banda la mashine kula pumba. Nikalitukana kwa Kipimbwe, lugha yetu, halikusikia. Nikalitukana kwa Kiswahili, likageuka kunitazama, na katika kugeuka likapiga teke kava la injini. Kava ni la alumini, la duara, ukubwa na kina kama sahani ya pilau, ndani yake kunaangalia injini, linashikwa na bolti sita, na kazi yake ni kuzuia oili isitoke. Limevunjika vipande vipande. Injini ikiwashwa bila kava inamwaga oili yote chini kabla hujamaliza kusalimiana na mtu.

Mwandu alikuja akaangalia, akashika kiuno, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, huyu ng'ombe hana roho mbaya. Kageuka tu."

"Na mimi nikigeuka na panga?"

Akaondoka na ng'ombe wake. Jana ametuletea maziwa galoni nzima. Nimekunywa, lakini sijamsamehe.

Kava jipya la injini hii hatujui linauzwa wapi. Leodgar, dereva wa lori linalokwenda Mpanda, anasema kule mtaa wa Shanwe yuko fundi Rehani anayeyeyusha sufuria kuukuu na kumimina mpya. Akipelekewa alumini na kipimo cha matundu, kava halimshindi. Kipimo nimekitengeneza mimi. Matundu sita ya injini hayajapishana sawasawa, mengine yamekaribiana, mengine yameachana, kwa hiyo kava linakaa kwa namna moja tu. Nilipaka masizi na mawese kuzunguka kila tundu, nikabandika karatasi ngumu ya kalenda tuliyopewa na Naseeb wa dukani. Upande wa mbele ina maandishi makubwa ya Kiarabu ya rangi ya dhahabu na miezi chini yake. Nyuma ni peupe. Nikabandika upande mweupe ili masizi yaonekane, nikatoboa alama zote sita kwa msumari wa moto, nikakata duara. Nilijisifu mchana kutwa.

Alhamisi 14 Machi

Tumekusanya sufuria. Kila mwanachama moja, iliyotoboka au iliyochoka. Wa mwisho alikuwa Bibi Épiphanie, mama yake Mwalimu Felisiani katekista. Alikuja na kitu kikubwa ndani ya kanga, akakitoa nyuma ya banda mimi na yeye tu. Ni sufuria nzima, nene, haina hata kovu. Alivuka nayo kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, kaibeba kichwani na mtoto mgongoni, na huyo mtoto ndiye Felisiani.

"Bibi, hii ni nzima."

"Na mikono yangu si mizima. Sitatwanga tena, Scola. Mwanangu usimwambie."

Nikaelewa. Felisiani ni katibu wa kamati ya wafadhili waliotuletea mashine, na tangu siku ya kwanza alisema hendeli ya kuwashia injini si kazi ya mwanamke. Angeona sufuria ya mama yake inayeyushwa kwa ajili yetu, angekufa kwa hasira. Nimeificha chini ya pumba.

Jumapili 17 Machi

Baada ya misa Felisiani amesimama kwenye matangazo. Ndoa mbili, usafi wa makaburi, halafu akainua mfuniko wa sufuria juu kwa mkono mmoja.

"Sufuria ya huu mfuniko imeibiwa nyumbani kwa mama yangu. Aliyeichukua airudishe kimyakimya."

Bibi Épiphanie alikuwa benchi la mbele, rozari mkononi, anatikisa kichwa kwa masikitiko kama waumini wengine.

Jumatano 20 Machi

Nimempa Leodgar gunia la sufuria, pamoja na vipande vya kava la zamani viyeyushwe humohumo visipotee. Kipimo nimekifunga na barua: "Fundi, bandika hivi hivi utoboe." Fupi na inaeleweka.

Jumatatu 25 Machi

Mvua.

Alhamisi 28 Machi

Mvua. Mwandu kaleta maziwa.

Jumanne 2 Aprili

Mvua. Leodgar kakwama njiani, kijiji cha Sitalike, viboko wamelala barabarani na hakuna anayethubutu kuwapigia honi.

Jumapili 7 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka. Sufuria bado. Felisiani katangaza mara ya pili, na safari hii amemwombea mwizi.

Alhamisi 11 Aprili

Kava limefika. Zuri mno, limepigwa tupa hadi linang'aa, wanawake wakalipokezana kama mtoto mchanga. Mama Josephina akapiga kigelegele. Nikalipandisha kwenye injini, nikaingiza bolti ya kwanza, ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikagoma. Nikadhani uchafu, nikafuta. Ikagoma. Ya nne, ya tano, ya sita zote zimegoma. Nikalizungusha, nikapata mawili mengine yanakubali na manne yanakataa. Nimelizungusha mpaka jasho likanitoka. Kila ukilizungusha mawili yanakubali, manne yanakataa.

Ukichungulia kwenye tundu la kava unaona chuma kitupu cha injini, na tundu la injini liko pembeni, upana wa kidole. Huyu Rehani kapima kwa macho. Au alikuwa anaota. Wanawake wanane wametoa sufuria zao, na yeye ametutobolea chujio.

Ijumaa 12 Aprili

Felisiani kaleta barua ya wafadhili, kaisoma yeye mwenyewe kwa sauti ya kusomea epistola kanisani. Mashine ikiwa haijazunguka ifikapo Pentekoste, tarehe 26 Mei, itahamishiwa Sitalike, "ambako wapo wanaume wenye ujuzi wa mitambo." Hayo maneno ya mwisho hayakuwemo kwenye barua, nimeisoma baadaye.

Mashine ikiondoka tunarudi kwenye kinu na mchi. Kabla ya mashine, mavuno yakifika, nilikuwa naamka na mikono imevimba nashindwa kufunga kanga. Na mimi binafsi, wacha niseme ukweli kwa vile hakuna anayesoma, bila hii hendeli sijui ningekuwa nani hapa Majimoto. Wananiita Mama Mashine. Sitaki kurudi kuitwa Scola yule mjane.

Jumanne 16 Aprili

Mwandu kasema matundu yanapanuka. Kaja na tupa ya kunolea majembe, kakaa chini ya mwembe wa Mama Josephina tangu asubuhi, anasugua huku anaimbia ng'ombe. Jioni matundu manne yamekuwa marefu kama mayai. Bolti zote sita zimeingia. Nimemwambia asante kwa mdomo mzito.

Jumatano 17 Aprili

Tumewasha. Mama Josephina alivaa kitenge kipya cha Pasaka akasimama mbele ya injini ili awe wa kwanza kumimina mpunga. Nikazungusha hendeli, ikashika, ikapiga mara nne tano vizuri kabisa. Halafu kava likateleza kwenye yale mayai, likasogea upande mmoja, na oili ikatoka.

Sitaandika rangi ya kitenge ilivyobadilika. Mama Josephina hakusogea. Alisimama pale mpaka nikazima, akafuta jicho moja, akasema, "Scola, nenda Mpanda ukamwone huyo fundi kwa macho yako. Ukirudi bila kava zima, usirudi."

Mwandu alikuwa ameshaondoka.

Jumapili 28 Aprili

Barabara imefungwa na maji. Leo Idd, Naseeb katuletea nyama. Nimemuuliza kama ana kalenda nyingine. Hana. Anasema alitoa ile moja kwa sababu ni nzuri, halafu akanitazama kwa muda. Mama Josephina haongei na mimi zaidi ya salamu. Felisiani katangaza mara ya tatu.

Alhamisi 2 Mei

Mpunga umeanza kuvunwa. Asubuhi nzima nasikia michi, kila nyumba. Bibi Épiphanie kajaribu kutwanga, akaacha, akakaa karibu na kinu chake anakitazama tu. Mashine iko bandani imefunikwa turubai. Nikasikia uchungu mpaka nikaenda kuifunika upya, wakati ilikuwa imefunikwa.

Jumatatu 6 Mei

Barabara imefunguka. Napanda lori la Leodgar na kava mapajani. Nina siku ishirini.

Alhamisi 9 Mei, Shanwe

Safari ya siku moja imechukua siku tatu. Siku zote tatu nilikuwa natunga matusi. Yalifika kumi na saba, nikayapanga kuanzia madogo. Nimeingia uani kwa Rehani na matope hadi magotini, nimefungua mdomo, na fundi mwenyewe yuko kwenye mkeka anaswali adhuhuri.

Huwezi kumtukana mtu aliyesujudu. Mkewe, Sauda, akanipa kigoda, maji ya kunawa na muhogo wa kuchemsha. Nikala, na tusi moja moja likaanza kunitoka kichwani. Ndipo nikaona ukutani barazani.

Kipimo changu. Kimepigiliwa juu, mahali pa heshima kuliko picha zote. Kimefutwa masizi, kimekatiwa ukingo vizuri, Kiarabu cha dhahabu kinaangalia nje na matundu sita yamezunguka. Nikasimama na muhogo mkononi. Nikalinyanyua kava, ndani yake kukinielekea, nikalilinganisha na ile karatasi. Tundu kwa tundu, sawasawa kabisa. Nikafumba jicho moja nikaiwaza injini yangu bandani. Ndani ya kava ndiko kunakokaa kwenye injini. Na upande wa karatasi uliokaa kwenye injini ulikuwa mweupe, si huu wa dhahabu.

Rehani akamaliza, akaja, mtu mfupi mpole mwenye vidole vilivyoungua.

"Karibu dada. Kava limewafaa?"

"Fundi, ulipokuwa unatoboa, hiki kipimo ulikilazaje?"

Akakishusha kwa mikono miwili, akalilaza kava chali, ndani kukiwa juu, akakiweka juu yake, Kiarabu juu. "Hivi. Barua yako ilisema bandika hivi hivi. Nikabandika hivi hivi."

"Ilitakiwa upande mweupe ndio uwe juu. Mweupe ndio ulikaa kwenye injini." Nikanyoosha mkono nikigeuze. Akauzuia, taratibu.

"Dada yangu, meza yangu ya kutobolea ndiyo ile. Grisi, oili, juzi paka kazalia pale. Ningelaza Bismillah kifudifudi pale?"

"Hiyo ndiyo Bismillah?"

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema. Imeandikwa kubwa hivyo. Nilipoona imepigwa msumari wa moto nikamwambia Sauda, huyu mama hajui kusoma."

"Kiarabu sijui."

"Basi ndicho nilichosema."

Nilikaa chini. Mtu niliyemwita mvivu, kipofu na mwizi wa sufuria mwezi huu mzima alifanya kosa moja tu, na lilikuwa la heshima. Aligeuza karatasi, matundu yakageuka nayo, kulia kukawa kushoto. Aliyetoboa jina la Mungu kwa msumari wa moto ni mimi. Nikamwambia nisamehe. Akasema kosa ni lake, fundi anapaswa kuuliza. Nikasema langu. Akasema lake. Tukaendelea hivyo mpaka Sauda, aliyekuwa anapepeta mchele, akaanza kucheka, akacheka hadi ungo ukamwanguka, na sisi wawili tukafuata.

Halafu akaona mayai ya Mwandu, akaacha kucheka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mfugaji."

"Inaonekana."

Nikamwambia tarehe yangu ya mwisho, Pentekoste. Akaitafuta kwenye ile duara, akapitisha kidole mwezi wa Mei mpaka mwisho. "Tarehe ishirini na sita kwangu haipo. Ni tundu." Lakini atakuja Majimoto mwenyewe. Hataki tena kipimo cha karatasi, cha dini yoyote.

Jumamosi 18 Mei

Tumefika. Tulikwama Kibaoni siku nne, sitaki hata kuandika. Zimebaki nane.

Jumatatu 20 Mei

Rehani kaanza kwa kunitisha. Kachukua drili ya mkono, kayapanua matundu mabovu yakawa makubwa zaidi. Nikamshika mkono. Akanieleza kwa subira: tundu lenye umbo la yai halikatiki nyuzi, lazima kwanza liwe duara. Likishakuwa duara linakatwa nyuzi ndani, kinaingizwa kizibo chenye nyuzi kama bolti, kinakazwa, kinakatwa kichwa, kinagongwagongwa kitulie, kinapigwa tupa mpaka uso unakuwa mmoja. Ndipo unatoboa upya mahali panapotakiwa.

Kizibo lazima kiwe alumini. Chuma kikipata joto kinatanuka kivyake na alumini kivyake, oili inapata njia. Na alumini hakuna. Sufuria zilizobaki kijijini zina ugali ndani.

Jumanne 21 Mei

Alfajiri Bibi Épiphanie kaja na kanga tena. Ndani kuna mfuniko.

"Sufuria yenyewe imeshakwenda," kasema. "Huu nao unamsubiri nani?"

Jumatano 22 Mei

Mfuniko umeyeyushwa, umemiminwa kwenye vishimo vya mchanga mbichi, vimetoka vijiti vinne. Mwandu kavuta mvukuto siku nzima bila kuombwa. Felisiani kapita nyumba kwa nyumba anauliza nani kaiba mfuniko, na sasa anasema ni genge.

Ijumaa 24 Mei

Vizibo vyote vinne vimekaa. Ukipitisha kidole husikii kitu, ukitazama unaona madoa manne ya mviringo, meupe kidogo kuliko kava.

Jumamosi 25 Mei

Asubuhi Rehani alikata vichwa vya bolti fupi nne, akazichonga ncha kali, akazizungusha ndani ya matundu ya injini yale manne, ncha zikiangalia nje. Bolti mbili za yale matundu yaliyokubali zikashika kava mahali pake. Akagonga na nyundo ya mbao, mara moja tu, akalitoa. Ndani kulikuwa na alama nne kama za sindano. "Injini imejipima yenyewe," akasema. Nikajiuliza kwa nini mwezi wa tatu sikumtafuta mtu mwenye akili badala ya kalenda.

Alikuwa anatoboa la tatu tuliposikia lori. Leodgar kashuka ananiangalia chini chini. "Mie nabeba tu, Mama Mashine." Nyuma yake Felisiani na wanaume wanne, kamba na magogo ya kubiringishia.

"Pentekoste ni kesho," nikamwambia.

"Kesho ni sikukuu, hakuna kubeba mizigo. Na hii mashine haijazunguka."

"Mwalimu, tupe saa moja."

"Nimewapa wiki sita. Fungeni kamba."

Mama Josephina, ambaye hajaniongelesha tangu kitenge, alikuja akasimama upande wangu, amekivaa kilekile na madoa yake yote, akasema, "Atakayefunga kamba anifunge na mimi." Wanawake wakasogea. Wanaume wanne wakatazamana, wawili kati yao wake zao walikuwa humo. Rehani hakuinua kichwa. Drili ilikuwa inalia kri, kri, kri. Mwandu kalileta lile dume lake, kalisimamisha mbele ya lori, kasema limechoka, linapumzika.

Tundu la nne likapita. Tukapandisha kava. Bolti ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita ikasita, Rehani akasema kitu kwa sauti ya chini, nadhani Bismillah, ikaingia. Akanipa spana nikaze mwenyewe. Nikashika hendeli. Nilizungusha mara tatu haikushika, Felisiani akaanza kutabasamu, ya nne ikashika.

Ikapiga. Ikaendelea kupiga. Nikainama kutazama kava, kavu. Nikasubiri, kavu. Mama Josephina akasimama palepale aliposimama siku ile, makusudi, akamimina debe la kwanza, na mchele ukatoka mweupe. Nililia, na sikujificha.

Felisiani akasogea. Ni mtu wa haki, hilo sasa nakubali, hakuweza kubisha anachokiona. Akainama akatazama kava kwa karibu, akaweka kidole kwenye yale madoa manne.

"Haya ni nini?"

Nikamtazama Bibi Épiphanie. Alikuwa kwenye foleni, wa pili, kikapu cha mpunga kichwani.

"Hayo," akasema bibi, "ni mfuniko wangu. Na hilo lililobaki ni sufuria."

Felisiani hakuondoa kidole. Injini ilikuwa inapiga, kidole kinatikisika nayo.

"Mama. Nimetangaza kanisani mara tatu."

"Nilikusikia. Nilikuwa benchi la mbele." Akatua kikapu miguuni pake. "Ndani ya hiyo sufuria nilikupikia uji wa kwanza tulipofika nchi hii. Ukitaka, ifunge kamba uipeleke Sitalike."

Felisiani akainama, akakiinua kikapu cha mama yake, akakimimina kwenye mashine.

Jumapili 26 Mei, Pentekoste

Matangazo. Felisiani kasimama mikono mitupu. Ndoa moja, mkutano wa vijana. Akakohoa.

"Sufuria ya mama yangu imepatikana. Na mfuniko wake." Kanisa zima linajua, wanataka tu kumsikia akisema. "Ziko kwenye mashine ya akina mama. Zinabaki huko."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bibi Épiphanie. Nje, Rehani alikuwa ananingoja aniage, amekaa kwenye jiwe na mchele wa kumpelekea Sauda pembeni. Nimemwomba akifika Shanwe asiishushe ile duara ukutani.